Karl von Frisch

Karl Ritter von Frisch (Vienna, Austria, 20 Novemba 1886 – Munich, Ujerumani, 12 Juni 1982) alikuwa mtaalamu wa zoolojia kutoka nchi ya Austria. Anajulikana hasa kwa kuchunguza milango ya fahamu ya nyuki-asali na kwa kueleza maana ya ngoma ambazo nyuki hucheza ndani ya mzinga ili kuwaonyesha wenzao mahali penye chakula. Mwaka 1973 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen.

Maisha yake yaligusana na vijidudu mara kadhaa. Baba yake aligundua aina ya bakteria. Yeye mwenyewe aliendesha maabara ya bakteria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na katika Vita Kuu ya Pili ugonjwa wa utumbo wa nyuki ndio uliomwokoa asifukuzwe kazi na serikali ya Wanazi. Baada ya kifo chake, bakteria mmoja anayeishi ndani ya utumbo wa nyuki-asali alipewa jina kwa heshima yake, yaani Frischella perrara.

Familia na utoto

Karl alizaliwa mjini Vienna akiwa mtoto wa mwisho kati ya wavulana wanne. Baba yake, Anton von Frisch, alikuwa daktari mpasuaji na mtaalamu wa magonjwa ya njia ya mkojo. Mwaka 1882 Anton aligundua bakteria wanaosababisha skleroma, ugonjwa unaokaza na kuharibu pua. Mama yake, Marie Exner, alitoka katika ukoo wa wasomi. Kaka zake Marie walikuwa maprofesa, na mmojawapo, Sigmund Exner, alikuwa mtaalamu wa fiziolojia aliyeandika kitabu mashuhuri kuhusu macho ya wadudu.

Mama yake alinunua kinu cha zamani mahali paitwapo Brunnwinkl, kando ya ziwa Wolfgangsee nchini Austria. Familia ilikwenda huko kila majira ya joto, na kwa miaka mingi Karl alifanya majaribio yake mengi hapohapo. Tangu utoto alipenda kufuga wanyama wa kila namna, akakaa saa nyingi akiwatazama bila kuwagusa. Tabia hiyo ya kutazama kwa subira ilikuja kuwa chombo chake kikuu cha kazi.

Masomo

Mwaka 1905 alianza masomo ya tiba katika Chuo Kikuu cha Vienna, kwa kuwa baba yake alitaka awe na kazi ya uhakika. Baada ya muda aliacha tiba akahamia zoolojia, akasoma Munich kwa Richard von Hertwig. Alipata shahada ya udaktari mjini Vienna mwaka 1910 kwa utafiti kuhusu jinsi samaki wanavyobadilisha rangi ya ngozi. Mwaka huohuo alikuwa msaidizi wa Hertwig mjini Munich.

Ubishi kuhusu rangi

Wakati ule Carl von Hess, daktari wa macho aliyeheshimiwa sana mjini Munich, alifundisha kwamba samaki na wanyama wote wasio na uti wa mgongo hawatambui rangi. Von Frisch, kijana asiye na cheo, hakukubali. Alijiuliza maua yana faida gani kuwa na rangi nyingi kama wadudu wanaoyatembelea hawazioni.

Jaribio lake lilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kulirudia. Alipanga mezani kadi nyingi za kijivu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na katikati yake akaweka kadi moja ya buluu. Juu ya kila kadi aliweka kibakuli kidogo cha kioo, lakini maji ya sukari yalikuwa katika kibakuli cha kadi ya buluu tu. Nyuki walipozoea kuja, alibadilisha mpangilio wa kadi na kuondoa sukari yote. Nyuki walikwenda kwenye kadi ya buluu popote ilipowekwa. Kama wangekuwa vipofu wa rangi, wangeichanganya na kijivu chenye mwanga sawa. Jaribio lilipofanywa kwa kadi nyekundu, nyuki waliichanganya na nyeusi, ishara kwamba hawaioni rangi nyekundu. Baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba nyuki huona pia nuru ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni.

Von Frisch alichapisha matokeo hayo mwaka 1914. Ubishi na Hess ulikuwa mkali, lakini majaribio ya von Frisch yakakubaliwa.

Vita Kuu ya Kwanza: maabara ya bakteria

Vita ilipoanza mwaka 1914, von Frisch hakuchukuliwa jeshini kwa sababu ya udhaifu wa macho. Alikwenda kusaidia katika hospitali ya Rudolfinerhaus mjini Vienna, iliyoongozwa na kaka yake Otto. Askari wengi walifika wakiwa na magonjwa ya kuambukiza, na hospitali haikuwa na maabara ya kutambua vimelea. Von Frisch aliianzisha. Alijifunza kuotesha bakteria na kuwatambua kwa hadubini ili madaktari wajue mgonjwa yupi atengwe.

Aliwafundisha pia wauguzi. Mihadhara yake sita juu ya bakteria ilichapishwa mwaka 1918 kama kitabu kidogo kwa ajili ya wauguzi. Katika hospitali hiyo alikutana na Margarethe Mohr, muuguzi aliyekuwa pia na kipaji cha kuchora. Walifunga ndoa mwaka 1917, wakapata mabinti watatu na mwana mmoja, Otto, ambaye naye alikuwa mwanazoolojia.

Kuona ngoma kwa mara ya kwanza

Mwaka 1919 alirudi Munich. Katika ua wa taasisi ya zoolojia aliweka mzinga mdogo wenye ukuta wa kioo, ili aone yanayotendeka juu ya sega. Alipaka doa la rangi migongoni mwa nyuki waliokuja kunywa maji ya sukari. Kibakuli kilipokauka, nyuki walibaki ndani ya mzinga. Alipokijaza tena na nyuki mmoja akakigundua, nyuki yule alirudi na kuanza kuzungukazunguka kwa kasi juu ya sega huku wenzake wakimfuata kwa msisimko. Muda si muda wakatoka nje kuelekea kibakuli.

Ili kufuatilia nyuki mmojammoja, alibuni utaratibu wa kuwapa namba: rangi chache, kila moja na maana yake kufuatana na sehemu ya mgongo ilipowekwa. Kwa njia hiyo aliweza kutofautisha mamia ya nyuki wa mzinga mmoja.

Alitofautisha ngoma mbili. Katika ngoma ya duara nyuki huzunguka upande mmoja kisha upande wa pili. Katika ngoma ya mtikisiko nyuki hukimbia kwa mstari mfupi ulionyooka akitikisa tumbo, hugeuka kulia na kurudi alipoanzia, hukimbia tena, kisha hugeuka kushoto. Mwaka 1923 alichapisha maelezo kwamba ngoma ya duara hutangaza mbochi, yaani maji matamu ya maua, na ngoma ya mtikisiko hutangaza chavua.

Maelezo hayo yalikuwa na kosa lililodumu zaidi ya miaka 20. Vibakuli vyake vya sukari vilikuwa karibu na mzinga, lakini nyuki wenye chavua walitoka kwenye maua ya mbali. Hivyo alidhani tofauti ya ngoma inatokana na aina ya chakula, kumbe ilitokana na umbali.

Profesa

Mwaka 1921 alikuwa profesa wa Rostock, na mwaka 1923 alihamia Breslau (leo Wrocław nchini Poland). Mwaka 1925 alirudi Munich kuchukua nafasi ya mwalimu wake Hertwig. Kwa msaada wa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani alijenga taasisi mpya ya zoolojia iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Pamoja na nyuki aliendelea na samaki: alionyesha kwamba samaki husikia, na kwamba ngozi ya samaki fulani inapojeruhiwa hutoa kemikali inayowatisha wenzao.

Alijali pia wasomaji wa kawaida. Kitabu chake kuhusu maisha ya nyuki kilichotoka mwaka 1927 kiliandikwa kwa lugha nyepesi, kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Chini ya utawala wa Wanazi

Wanazi walishika serikali mwaka 1933 na kutoa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Kila mtumishi alipaswa kuthibitisha asili ya mababu zake. Bibi wa von Frisch upande wa mama alitoka katika familia yenye asili ya Kiyahudi iliyokuwa imeingia Ukristo. Kwa miaka kadhaa jambo hilo halikuthibitishwa, lakini wapinzani wake chuoni walimchongea. Walimlaumu pia kwa kuwaajiri na kuwatetea wasaidizi wenye asili ya Kiyahudi.

Hata hivyo hakuwa mpinzani wa wazi wa utawala. Kitabu chake cha biolojia kwa umma cha mwaka 1936 kilikuwa na sehemu iliyokubaliana na mawazo ya wakati ule ya kuboresha uzazi wa binadamu, jambo ambalo wanahistoria wamelikosoa.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 wizara ilimjulisha kwamba amehesabiwa kuwa na robo ya damu ya Kiyahudi na hivyo angestaafishwa kwa nguvu. Kwa mtu wa miaka 54 ambaye kazi yake yote ilikuwa katika taasisi aliyoijenga, huo ulikuwa mwisho wa utafiti.

Ugonjwa wa nosema

Wakati huohuo nyuki wa Ujerumani walikuwa wakifa. Chanzo kilikuwa nosema, ugonjwa unaosababishwa na kimelea Nosema apis, kilichoelezwa na mtaalamu Mjerumani Enoch Zander mwaka 1909. Si bakteria bali ni kiumbe cha seli moja katika kundi la maikrosporidia, ambalo leo huhesabiwa kuwa na undugu wa karibu na kuvu. Nyuki humeza mbegu zake katika maji au masega yaliyochafuliwa kwa kinyesi. Ndani ya utumbo wa kati kimelea huingia katika seli za ukuta, huzaana humo na kuziharibu. Nyuki hushindwa kusaga chakula vizuri, huishi siku chache, na wakati wa baridi kali, wanaposhindwa kutoka nje, mara nyingi hunyea ndani ya mzinga. Wenzao wanaosafisha masega humeza mbegu hizo, na mzunguko huanza upya.

Katika miaka ya kwanza ya vita nosema iliangamiza mamia ya maelfu ya makundi ya nyuki. Kwa serikali iliyokuwa vitani hili halikuwa suala la asali tu. Miti ya matunda na mimea ya mafuta huhitaji nyuki ili izae, na chakula kilikuwa haba. Wenzake von Frisch na marafiki wenye sauti serikalini walitumia hoja hiyo kumtetea: mtaalamu mkuu wa nyuki asifukuzwe wakati nyuki wanakufa. Wizara ya chakula ilimkabidhi utafiti wa nosema, na mwaka 1942 uamuzi wa kumwondoa uliahirishwa hadi baada ya vita. Vita ilipoisha, utawala ule haukuwepo tena.

Von Frisch na wasaidizi wake, akiwemo Ruth Beutler, hawakupata tiba ya nosema. Dawa yenye nguvu dhidi yake, fumagilini, ilipatikana Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walipewa pia kazi ya kutafuta njia ya kuwafanya nyuki watembelee mimea fulani ya shamba, kwa kuwalisha maji ya sukari yenye harufu ya maua ya mmea huo. Kazi hii ya pili ilizaa matunda ambayo hayakutarajiwa.

Siri ya ngoma

Mwaka 1944 mabomu yaliharibu nyumba ya von Frisch na taasisi yake mjini Munich. Akahamia Brunnwinkl pamoja na mizinga yake. Katika kazi ya kuwaongoza nyuki kwa harufu lilizuka swali la vitendo: je, ni afadhali kuwalisha karibu na mzinga au mbali? Kiangazi cha 1944 aliweka vibakuli vya harufu ileile karibu na mbali, akaona kwamba nyuki waliofuata ngoma walitafuta zaidi katika umbali uleule ambao mchezaji alikuwa amelishwa. Ngoma ilitaja umbali. Hapo alitambua kosa lake la mwaka 1923, naye alilisahihisha mwenyewe hadharani.

Mwaka 1945 aligundua kwamba ngoma hutaja pia upande. Maana yake ni hii:

Chakula kikiwa karibu, chini ya mita 50 hadi 100, nyuki hucheza ngoma ya duara. Wenzake hutoka kutafuta pande zote kwa kufuata harufu ya ua waliyoisikia mwilini mwake.

Chakula kikiwa mbali zaidi, hucheza ngoma ya mtikisiko. Kadiri umbali unavyoongezeka, ngoma huwa ya polepole: kwa mita 100 nyuki hukamilisha mizunguko 9 hadi 10 katika sekunde 15, kwa mita 1,000 mizunguko 4 hadi 5, na kwa kilomita 6 mizunguko 2 tu.

Upande huonyeshwa kwa kulinganisha na jua. Sega husimama wima gizani, hivyo nyuki hutumia juu na chini mahali pa jua. Akitikisika kuelekea juu, chakula kiko upande wa jua. Akielekea chini, kiko kinyume cha jua. Akikimbia nyuzi 40 kulia kwa mstari wa wima, chakula kiko nyuzi 40 kulia kwa jua.

Miaka michache baadaye alionyesha kwamba nyuki huujua upande hata jua likifichwa, mradi waone kipande cha anga la buluu. Nuru ya anga hutikisika zaidi upande mmoja kufuatana na mahali jua lilipo, na jicho la nyuki huweza kutambua tofauti hiyo, ingawa jicho la binadamu kwa kawaida haliitambui.

Baada ya vita

Mwaka 1946 alikwenda kufundisha Graz nchini Austria. Mwaka 1949 alitoa mihadhara katika vyuo vikuu vya Marekani, ambayo ilichapishwa mwaka 1950 na kumpatia umaarufu duniani. Mwaka 1950 alirudi Munich, akastaafu mwaka 1958. Mwaka 1965 alichapisha kitabu kikubwa kilichokusanya matokeo yote kuhusu ngoma na namna nyuki wanavyojua njia.

Si wote waliokubali. Kuanzia mwaka 1967 Mmarekani Adrian Wenner na wenzake walidai kwamba nyuki wapya hufika kwenye chakula kwa kufuata harufu tu, na kwamba ngoma huonekana na mtafiti bila kueleweka na nyuki. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa si rahisi kuondoa harufu katika jaribio. Katika miaka ya 1970 James Gould alibuni majaribio ambamo mchezaji na watazamaji wake walielewa rejeo tofauti, na nyuki wakaenda mahali ngoma ilipoelekeza badala ya mahali chakula kilipokuwa. Mwaka 1989 watafiti wa Denmaki na Ujerumani walituma nyuki kwa kutumia nyuki wa bandia aliyechezeshwa na mashine. Mwaka 2005 watafiti nchini Uingereza walifuatilia kwa rada nyuki waliotoka kwenye ngoma, na wengi waliruka moja kwa moja kuelekea upande uliotajwa. Hata hivyo imethibitika pia kwamba harufu ni muhimu, hasa katika hatua za mwisho za safari, jambo ambalo von Frisch mwenyewe alilisema tangu mwanzo.

Tuzo

Von Frisch alipokea Tuzo ya Kalinga ya UNESCO mwaka 1958 kwa kueneza maarifa ya sayansi kwa watu wote, na Tuzo ya Balzan mwaka 1962. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973 ilimfikia akiwa na miaka 86. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa kwa uchunguzi wa tabia za wanyama.

Bakteria wenye jina lake

Wakati wa von Frisch utumbo wa nyuki ulichunguzwa hasa kwa ajili ya magonjwa kama nosema. Utafiti wa karne ya 21 umeonyesha kwamba utumbo huohuo una wakazi wengine ambao nyuki huwahitaji.

Nyuki kibarua anapotoka katika kitundu cha sega, utumbo wake hauna bakteria ila wachache sana. Katika siku za kwanza za maisha yake huwapata kutoka kwa wenzake na kutoka kwenye masega, hadi utumbo wake unapokuwa na mamia ya mamilioni ya bakteria. Wengi wao ni wa aina chache zilezile ambazo hukutwa katika makundi ya nyuki-asali wa mabara mbalimbali, pamoja na Afrika. Kwa hiyo nyuki hurithi bakteria hao kwa kuishi pamoja. Nyuki aliyelelewa peke yake katika maabara huwakosa.

Kila aina ina mahali pake na kazi yake. Snodgrassella alvi hujipanga kwenye ukuta wa utumbo wa nyuma na kutumia oksijeni, hivyo kuwaacha majirani wasiopenda oksijeni wastawi. Jina lake linamkumbuka Robert Snodgrass, Mmarekani aliyeandika kuhusu anatomia ya nyuki. Gilliamella hukaa juu ya tabaka hilo na kuvunja pektini, sehemu ya ukuta wa chavua, na baadhi ya sukari ambazo ni sumu kwa nyuki. Bakteria wa jenasi Lactobacillus na Bifidobacterium huishi zaidi sehemu ya mwisho ya utumbo, ambako huchachusha mabaki ya chavua. Kwa pamoja humsaidia nyuki kuongeza uzito, huamsha kinga ya mwili wake na kuzuia bakteria hatari wasipate nafasi.

Frischella perrara ilielezwa kisayansi mwaka 2013. Huishi mwanzoni mwa utumbo wa nyuma, ambako huamsha kinga ya nyuki kwa nguvu na kuacha kigaga cheusi kwenye ukuta. Haikutwi katika kila nyuki. Wataalamu bado wanajadili kama kwa jumla humdhuru mwenyeji wake au humpa faida kwa kuiweka kinga yake tayari.

Maarifa haya yana maana kwa wafugaji. Katika nchi kadhaa nyuki wamepewa antibiotiki za jamii ya tetrasiklini kutibu au kuzuia ugonjwa wa kuoza kwa majana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba dawa hiyo huua pia bakteria wema wa utumbo, na kwamba nyuki waliopewa dawa walikufa kwa wingi zaidi baada ya kurudishwa mzingani. Dawa isiyo ya lazima inaweza kuondoa ulinzi ambao nyuki anao tayari. Maji safi karibu na mizinga na kuondoa masega makongwe hupunguza vimelea bila kuwagusa bakteria hao.

Nyuki wa Afrika ya Mashariki

Von Frisch alifanya kazi zake nyingi Ulaya ya Kati, ambako jua la adhuhuri huwa daima upande wa kusini. Karibu na ikweta mambo ni tofauti. Kwa mfano mjini Bunda, mkoani Mara, ulio takriban nyuzi 2 kusini kwa ikweta, jua la adhuhuri hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Kati ya tarehe hizo huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine upande wa kusini. Nyuki wa huko hawawezi kutegemea kanuni moja kwa mwaka mzima. Hujifunza mwendo wa jua wa majira yao wanapoanza kutoka nje. Jua likiwa utosini kabisa halionyeshi upande wowote. Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alichunguza jambo hilo katika kisiwa cha Sri Lanka, akaona kwamba kwa dakika hizo chache nyuki hupoteza uongozi wao.

Nyuki-asali wa nyanda za Afrika ya Mashariki ni nususpishi Apis mellifera scutellata, wadogo kuliko wa Ulaya na wakali zaidi. Nao hucheza ngoma zilezile, ingawa kila aina ya nyuki ina lahaja yake: kasi ileile ya ngoma haimaanishi umbali uleule, na umbali ambapo ngoma ya duara huacha nafasi kwa ngoma ya mtikisiko hutofautiana pia. Katika mizinga ya magogo inayotundikwa mitini ngoma hizo huchezwa gizani bila kuonekana na mfugaji. Mzinga wenye dirisha la kioo unatosha kuzionyesha darasani.

Kifo na urithi

Mkewe Margarethe alifariki mwaka 1964. Von Frisch aliendelea kuandika na kukaa Brunnwinkl majira ya joto hadi uzeeni. Alifariki mjini Munich tarehe 12 Juni 1982 akiwa na umri wa miaka 95.

Ngoma ya nyuki hufundishwa leo katika vitabu vya biolojia duniani kote kama mfano wa mdudu anayeweza kutoa habari za kitu kisichoonekana mbele yake. Wataalamu huitumia pia kupima mazingira: wakisoma ngoma za mzinga mmoja kwa msimu mzima huweza kuchora ramani ya mahali nyuki wanapopata chakula na mahali walipokosa.